Soya yenye haifi na dawa: tuulize kwanza, tupande nyuma

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye mnabaki na shamba wakati bwana na watoto wako ku machimbo, leo tuzungumuze juu ya soya. Si ile ya uji wa watoto tu. Kuna soya ingine, yenye waagronomu wanaita OGM: unapiga dawa mu shamba lote, majani yanakauka, soya inabaki imesimama.

Hapa Eringeti maneno haya si ya mbali. Dawa ya kuua majani imekwisha kufika. Inatoka Uganda, inapita Kasindi, inapanda Beni na Oicha mpaka kwetu ku barabara ya Komanda. Mutu akishika bido ya dawa ku mukono, swali la pili linakuja lenyewe: je, hakuna mbegu yenye kuvumilia hii dawa, ili nipige mara moja nirudi nyumbani?

Mbegu iko, tangu 1996. Na ninaandika kwa wachimbaji kwa sababu mu nyumba mingi feza ya kununua dawa inatoka ku zahabu. Kijana anashuka mu shimo, mikono inapunguka ku shamba, anatuma makuta kidogo, na nyumbani wanashauriana: tuite watu wa kupalilia, ao tununue bido? Kwa hiyo mwenye kuchagua si mama peke yake. Ni wewe pia, kule chini mu shimo.

Maoni yangu ni haya. Ile mbegu si uchawi, na si muujiza. Ni chombo chenye kilitengenezwa kwa shamba la mutu mwingine. Kama siku moja itatufaa, iingie muchana, na karatasi, watu wakiwa wamejua na wamekubali. Isiingie usiku mu mufuko usio na jina. Na mbele ya siku hiyo, feza ya zahabu ina kazi ya kufanya ku shamba yenye faida zaidi kuliko bido.

Inafanya kazi namna gani

Dawa yenyewe jina lake ni glifosati. Kampuni Monsanto ya Marekani ilianza kuiuza 1974, ikaiita Roundup. Leo inauzwa na kampuni mingi, kwa majina mingi. Inaingia kwa majani, inashuka mpaka ku mizizi, na inafunga kazi moja ya ndani yenye mumea hauwezi kuishi bila yake: kazi ya kutengeneza vitu vya kujenga mwili wake. Dawa hii haichagui. Inaua nyasi, inaua maharagi, inaua soya.

Kisha wataalamu wakakuta bakteria moja mu maji machafu ya kiwanda cha dawa hiyo, kule Luling, jimbo la Louisiana. Bakteria hiyo ilikuwa inaishi katikati ya sumu bila kufa. Walitwaa jeni yake moja, wakaiingiza mu soya. Jeni ni kama agizo lenye kuandikwa ndani ya mbegu: uwe murefu, utoe maua meupe, uvumilie jua. Hapa agizo lilikuwa moja: uvumilie glifosati. Mwaka 1996 mbegu hiyo ikaanza kuuzwa Marekani. Kufika 2014, karibu 94 kwa mia ya mashamba ya soya kule yalikuwa na mbegu za kuvumilia dawa. Argentina ilianza mwaka ule ule wa 1996. Hapa Afrika, inchi yenye inajulikana kwa kuilima ni Afrika Kusini, tangu 2001.

Basi musikie vizuri. Soya yetu ya kawaida, ile tunanunua ku soko la Oicha ao la Beni, haina jeni hiyo. Ukipiga glifosati juu yake, itakufa pamoja na majani. Mutu akikuuzia bido akisema "hii haigusi soya", umuombe akuoneshe jina la dawa na jina la mbegu. Dawa bila ile mbegu ni hasara ya musimu muzima.

Wenye wanaitaka si wajinga

Kuna watu wa muji mukubwa wenye wanasikia neno OGM na wanakunja uso. Wanasema mukulima wa kweli anatumia jembe. Waje kwanza huku.

Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, wakati mauaji yalianza mu territoire ya Beni, shamba si mahali pa kazi tu. Ni mahali mutu anakwenda akihesabu saa. Soya inaomba kupaliliwa mara mbili: mara ya kwanza majuma 2 ao 3 nyuma ya kuota, na mara ya pili mbele ya maua. Kwa shamba la nusu hektare, hiyo ni siku mingi mama akiwa ameinama, mugongo ukiangalia pori. Na pompa ya dawa ku mabega, kazi ya siku hizo zote inakuwa ya asubui moja. Nani atasimama mbele ya mama huyo amwambie kwamba kukaa siku mingi mu shamba ni kitu kizuri? Mimi siwezi.

Kwa hiyo wenye kuuliza hiyo mbegu wanauliza jambo la maana. Wanaomba saa chache za hatari na mugongo wenye kupumua. Yeyote anataka kusema "hapana" lazima aoneshe njia ingine yenye inapunguza saa hizo. Nitarudia hapo. Lakini kwanza tuangalie kile kilipata wale wenye walitutangulia.

Adui wao ni mboga yetu

Mashamba yenye soya hiyo ilitengenezewa ni ya hektare mamia na mamia. Mumea ni mumoja tu, kutoka njia mpaka upeo wa macho. Mutu anapita na tinga, anapiga dawa, anakwenda kulala. Kila kitu chenye si soya ni adui.

Sasa angalia shamba lako. Soya iko pamoja na muhogo wa sombe, mahindi hapa, maharagi pale, ndizi ku mupaka, kakao ndogo yenye ulipanda mwaka jana. Na katikati, bila kupandwa, lengalenga, yenye mama anachuma akirudi nyumbani. Pompa ya glifosati haijui kwamba lengalenga ni chakula cha mangaribi. Ukiipiga mu shamba kama hilo, utaokoa soya moja na utapoteza sahani tatu.

Na ku Marekani mwenye kushinda hiyo dawa ni nani? Ni ndugu wa lengalenga yetu. Mwaka 2005, ku jimbo la Georgia, wataalamu walihakikisha kwamba aina moja ya lengalenga ya kule haifi tena na glifosati. Sababu yake si ngumu. Unapiga dawa ile ile mwaka kwa mwaka, mahali pale pale. Kati ya mimea mamilioni, mumoja unapona. Huo mumoja unatoa mbegu, na kwa aina hiyo mumea mumoja unaweza kutoa mbegu mamia elfu. Mwaka wenye kufuata, watoto wake wanajaa shamba, na dawa inawapita kama mvua. Wakulima wa pamba wa Georgia, wenye walikuwa na mbegu ya namna ile ile, walirudia kulipa watu wa kungoa majani kwa mikono. Walinunua mbegu ya bei, walinunua dawa, na mwisho wakarudi ku jembe.

Kampuni zikaleta mbegu ingine, yenye kuvumilia dawa ingine, dikamba. Lakini dikamba inapenda kuruka na upepo. Mwaka 2017, mu Marekani, zaidi ya hektare milioni 1 za soya za watu wenye hawakununua mbegu hiyo ziliharibika kwa dawa ya jirani. Wakulima wenye walikuwa wakisalimiana ku kanisa wakaanza kupelekana kotini. Hapa kwetu, kwenye mashamba yanagusana kama vidole, na mupaka ni muti wa ndizi, tuwaze kidogo: upepo ukivuka na dawa yangu mu maharagi yako, nani atatuamua?

Ninyi wachimbaji munajua hiyo hesabu kuliko mimi. Shimo la metre 5 linatoa zahabu kwa sururu. Metre 15 inaomba miti ya kushikilia. Kisha inaomba moteri ya kutoa maji, kisha PDG anaingia deni. Kila hatua inaonekana ndogo, na kila hatua inakufunga zaidi. Dawa ya majani ina shimo lake pia.

Mbegu inakuwa ya nani

Mukulima mumoja wa Indiana, inchi ya Marekani, alinunua soya ya bei ndogo ku gala, kwenye wakulima wengine walikuwa wamepeleka mavuno yao. Aliipanda, akapiga dawa, ikabaki ile yenye jeni, akaweka mbegu yake kwa miaka yenye kufuata. Monsanto ilimupeleka kotini. Tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka 2013, Koti Kuu ya Marekani, waamuzi wote 9 pamoja, ilisema amekosa: mutu anaweza kula soya hiyo ao kuiuza, lakini hawezi kuizalisha bila ruhusa. Alipaswa kulipa zaidi ya dola 84,000.

Sasa tujiulize, huku kwetu nani hajapanda soya yenye alinunua ku soko kwa kula? Nani hajapewa kikombe cha mbegu na dada wa Mayimoya ao wa Oicha? Hiyo njo benki yetu. Wakati watu wanakimbia vita na wanarudi, mbegu ya jirani njo inafufua shamba.

Sisemi kwamba kesho kampuni itatuma polisi Eringeti. Haki ya ile soya ya kwanza iliisha Marekani mwaka 2015. Lakini mbegu mupya zinakuja na haki mupya, na mwenye kuingia mu nyumba ya mutu bila kuuliza sheria ya nyumba atalala inje siku moja.

Njia ya kuingia

Brazil inatufundisha jambo lingine. Mu miaka ya mwisho ya 1990, sheria ilikuwa inakataza mbegu hiyo kule. Wakulima wa Rio Grande do Sul waliivusha kutoka Argentina kwa siri, mpaka watu wakaiita soya Maradona. Serkali ilipoamuka, mashamba yalikuwa yamejaa. Mwaka 2003 iliruhusu kuuza mavuno, na 2005 ikaweka sheria. Yaani si serkali yenye ilichagua, na si raia. Ni magendo yenye ilichagua, sheria ikafuata nyuma ikipumua.

Sisi tunaishi karibu na mupaka wenye kila kitu kinapita: kakao, mafuta, nguo, dawa. Tuangalie jirani zetu. Uganda, bunge lilipitisha sheria juu ya mambo haya 2017, na tena 2018, Prezida Museveni akairudisha bila kuweka sahihi. Tanzania ilisimamisha majaribio ya OGM mwaka 2021. Kenya ilikataza kuingiza vyakula vya OGM mwaka 2012, ikafungua mulango mwezi wa 10 mwaka 2022, na watu wakapelekana kotini. Mu inchi zote tatu watu wameizungumuza wazi, ku bunge, ku koti, ku magazeti. Huku kwetu tangu mwezi wa 5 mwaka 2021 tuko chini ya état de siège. Ni maafisa wa jeshi ao wa polisi wenye kuongoza jimbo na territoire, na bunge la jimbo limewekwa pembeni. Basi tusipozungumuza sisi wenyewe ku kanisa, ku kooperative, ku kikao cha kijiji, hakuna mwenye atazungumuza kwa ajili yetu.

Sumu, ao maji tu?

Juu ya afya, kuna makelele pande mbili. Mwaka 2015, kikundi cha utafiti wa kansa cha OMS kiliweka glifosati kati ya vitu vyenye yawezekana vinaleta kansa kwa mutu. Wakaguzi wa serkali ya Marekani wanasema haionekani kuileta. Bayer, kampuni ya Ujerumani yenye ilinunua Monsanto 2018, ilikubali mwaka 2020 kutoa zaidi ya dola miliari 10 kwa kumaliza mashitaka ya watu wenye walisema dawa imewagonjwesha, lakini haikukubali kosa. Ulaya iliongeza ruhusa ya glifosati mwaka 2023 kwa miaka 10.

Lakini wale wote wanazungumuza juu ya mutu mwenye kuvaa gan, buti, na kitambaa ku uso. Hawazungumuzi juu ya kijana wa hapa mwenye anapiga dawa miguu wazi, pompa inavuja ku mugongo, kisha anaenda kuiosha mu muto kwenye wadogo wake wanachota maji. Na ku soko bido zote zinafanana. Kuna dawa ingine ya majani, parakwati, yenye Ulaya ilikataza tangu 2007: funda moja linaweza kuua mutu, na hakuna dawa ya kuigeuza. Ukiweka kitu kama hicho mu chupa ya Fanta, unatega mutoto wako mwenyewe.

Wachimbaji munajua mercure. Ilikuja kama rafiki: inashika zahabu yenye macho hayaoni, kazi inakwenda mbio. Hakuna aliyeambiwa kwamba mvuke wake unaingia mu mapafu, na mabaki yake yanaingia mu samaki. Leo dunia nzima ina mapatano juu yake, ya Minamata, ya mwaka 2013. Mutu mwenye alishika mercure kwa mukono wazi ana haki ya kuuliza maulizo mingi mbele ya kushika bido ingine.

Na neno moja la kutuliza. Mafuta ya soya ao unga wa soya wenye kutoka Amerika mara mingi unatoka ku mbegu hizo. Wakaguzi wa Marekani na wa Ulaya wameruhusu kuzila, na kula mafuta hayo si kupiga dawa. Musimunyime mutoto wa lishe uji wake kwa sababu ya maneno ya barabarani.

Feza ya zahabu ifanye nini?

Nilisema mwenye kukataa lazima aoneshe njia. Hii hapa.

Kwanza, soya inashindwa na majani mu majuma 6 ya kwanza tu. Nyuma yake, kama ilipandwa mu mistari, karibu-karibu, majani yake yanafunga udongo na kivuli kinazuia magugu yenyewe. Mwenye kutupa mbegu ovyo anajitafutia kupalilia mpaka mavuno. Kamba na vijiti havigharimu franga.

Pili, kama unatuma makuta, uyatume kwa majuma hayo 6, yasifike ku mavuno. Lipa kikundi. Likilimba ya wamama 10 inamaliza kwa asubui moja shamba lenye mama mumoja angekaa juma nzima. Na watu 10 pamoja wana macho 20 yenye kuangalia pori. Ile saa ya hatari tulisema, kikundi kinaipunguza pia, bila kuua lengalenga.

Tatu, tafuta mbegu nzuri. Taasisi IITA ilitengeneza kwa kuzalisha ya kawaida, bila kuingiza jeni ya bakteria, aina za soya zenye zinaitwa TGx. Zinashikana vizuri na bakteria za udongo wetu, zenye zinakaa mu vifundo vya mizizi na kuvuta mbolea kutoka hewani. Mahindi yenye kufuata soya yanakuta udongo umeshiba. Uliza SENASEM, uliza waagronomu wa Université Catholique du Graben kule Butembo, gani inafaa udongo wa hapa. Ni kazi yao kujibu.

Nne, kama umeamua kutumia bido hata hivyo, uitumie mbele ya kupanda, ku udongo wenye hauna chakula bado. Vaa buti na gan, piga asubui bila upepo, usioshe pompa mu muto, na usiache dawa kwenye mutoto anafika.

Na tano, ku mupaka wa Kasindi, OCC ituambie kwa Kiswahili bido gani zinapita na mbegu gani zinapita. Etikete ya Kiingereza peke yake, kwa mama mwenye hasomi Kiingereza, ni karatasi ya mapambo tu.

Mutu akikuletea kesho mufuko wa soya akisema "hii haifi na dawa", usimufukuze, na usimulipe. Umuulize mambo matatu: inatoka wapi na karatasi gani? Nitaweza kupanda mbegu yake mwaka wenye kufuata? Na dawa ikishindwa na majani, utaniuzia nini tena? Akijibu yote matatu mbele ya watu, tukae tuzungumuze. Akiangalia chini, umuache aendelee na barabara yake.